Meno ya Namba Nne

Shangazi yangu huwajua watu kwa meno. Ukitembea naye sokoni, na mtu akawasalimu huku akicheka, yeye haangalii macho wala nguo. Anaangalia mdomo, anaitikia salamu, na mkishampita anakunong'oneza, "Ya juu yote yale ni yangu. Mwaka wa sita huu, na bado anatafuna miwa." Jina la mtu huyo halijui. Hajawahi hata kumwona kabla ya siku hiyo.

Ni fundi wa meno ya bandia. Madaktari huchukua alama za midomo ya wagonjwa wao na kuzituma karakanani, humo hujazwa plasta, na plasta ikikauka inapatikana sanamu ya taya ya mtu, nyeupe, yenye kila shimo na kila mwanya. Juu ya sanamu hiyo Shangazi hupanga meno kwenye nta, moja baada ya jingine. Nta ikikubaliwa, hubadilishwa kuwa kitu kigumu cha rangi ya ufizi. Amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa kwenye meza ileile ya dirishani, juu ya stuli ileile ya miguu mitatu.

Kila fundi ana mkono wake, kama mtu alivyo na mwandiko wake. Jino la pili kutoka katikati, upande wa kushoto, Shangazi hulizungusha kidogo mno, kiasi cha unene wa uzi, likamwegemea jirani yake. "Mungu hakupanga meno kwa rula," husema. Jirani yake mezani alikuwa fundi mmoja aliyeitwa Mrefu, ambaye alipanga ya kwake kama askari wa gwaride. Walitaniana kila siku ya Mungu.

"Dada, meno yako yamelewa."

"Na yako yanangoja kupigiwa saluti."

Mwenye karakana ni mzee mpole ambaye mafundi humwita Polepole, akiwa hayupo. Neno hilo halimtoki kinywani: fundi akiharakisha, "polepole", akidai kitu, "polepole, kitakuja." Hapandishi sauti. Amevaa viatu vya raba na hujui amesimama nyuma yako mpaka umsikie akipumua. Wala hamfukuzi mtu kwa maneno. Fundi asiyetakiwa tena hufika asubuhi akakuta stuli yake imewekwa juu ya meza, kichwa chini, miguu juu, kama kuku aliyekufa. Hakuna barua wala maelezo. Mtu huchukua aproni yake akaenda zake.

Katika miaka miwili stuli tatu zilipinduliwa, na wenye stuli hizo walikuwa na jambo moja lililofanana: kila mmoja alikuwa amekwenda kwa siri kufanya usaili kwenye karakana nyingine. Wa tatu alikuwa Mrefu. Alimwambia Shangazi peke yake kwamba Jumanne angekwenda karakana mpya iliyofunguliwa ng'ambo ya mji. Kwa Polepole aliaga kwamba ana msiba wa jirani. Jumatano na Alhamisi alifanya kazi kama kawaida. Ijumaa akakuta miguu ya stuli ikitazama dari, na kule ng'ambo ya mji nako akaambiwa hakufaulu.

Alisimama pale na aproni mkononi, akamwangalia Shangazi muda mrefu. "Nilikwambia wewe tu," alisema.

Siku hizi Mrefu anauza vifuniko vya simu karibu na kituo cha mabasi. Shangazi akipita, Mrefu huinama kutafuta kitu chini ya meza yake, na hukitafuta mpaka apite. Karakanani nako mafundi waliobaki waliacha kuongea wakati wa chai. Kila mmoja aliamini kuna mchongezi, na kila mmoja alikuwa na wake aliyemshuku.

Kwa nini basi Shangazi naye akataka kuondoka, baada ya kuyaona yote hayo? Ni kifua. Kusaga meno kunatoa vumbi jembamba kuliko unga, na feni kubwa ya kuvuta vumbi ilikufa miaka miwili iliyopita. Kila alipouliza, aliambiwa itakuja, polepole. Nyumbani tulianza kumsikia akipanda ngazi, kikohozi kikimtangulia. Mwezi wa pili mwaka huu daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake mbele ya taa, akamwambia, "Mama, uache vumbi hilo kabla halijakumaliza. Mwaka mmoja zaidi, sitakuahidi kitu."

Lakini kuacha kazi hivi hivi hakuweza. Katika nyumba yetu ya vyumba viwili tunakaa watu watatu: yeye, bibi yangu, ambaye ni mama yake mzazi na hawezi tena kutembea bila kushikwa, na mimi niliyemaliza chuo na bado naandika barua za maombi. Anayeleta kitu mezani ni mmoja. Kwa hiyo ilibidi apate kule kabla ya kupoteza huku, na asijulikane mpaka apate. Nafasi ilipotangazwa tena kule ng'ambo ya mji, ambako kila meza ina bomba lake la kuvuta vumbi, tulikaa sebuleni mimi na yeye tukaandika barua.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," alisema Bibi kutoka kitandani.

"Mama, huu mbachao unaniua."

"Basi nenda. Lakini nenda na akili zote. Na ukirudi unirekebishie haya meno, yananibana." Bibi huvua meno yake kila akikasirika, akayaweka juu ya redio, ili ujue kwamba mazungumzo yamekwisha. Aliyavua.

Tulijitahidi kufunga kila tundu. Barua tuliiandika kwa jina lake la usichana. Namba ya simu tuliweka yangu. Kwa Polepole aliomba ruhusa ya kwenda kliniki ya kifua Jumanne, na kwa kuwa anaogopa uongo, kweli alipita kliniki saa moja asubuhi, akapigwa muhuri kwenye kadi, ndipo akapanda basi la ng'ambo. Hakumwambia fundi yeyote. Yaliyompata huko amenisimulia mara tatu, na mara zote tatu hajabadilisha neno.

Alipokelewa vizuri. Chumba kilikuwa na sakafu inayong'aa, na hewa haikuwa na harufu yoyote. Alivuta pumzi mpaka chini, akashangaa kwamba haikukwama. Mkurugenzi alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, na pembeni yake aliketi kijana wa koti jeupe aliyekuwa akiandika.

"Kwa nini unataka kuacha kazi uliyo nayo?"

Tulikuwa tumelifanyia mazoezi swali hilo jikoni. "Napenda kujifunza vitu vipya," alijibu Shangazi, kisha akakohoa, na mkurugenzi akatabasamu kwa upole.

"Nimeelewa, mama. Na mwajiri wako anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Usiwe na wasiwasi. Hapa hatutumii hata majina. Kila msailiwa ana namba, na jaribio la vitendo linakaguliwa na mtaalamu wa nje ambaye hamjui mtu. Haki bin haki. Wewe ni namba nne."

Walimpeleka kwenye meza yenye taa nzuri na bomba la vumbi, wakamwachia trei iliyofunikwa kitambaa chenye unyevu. Aliambiwa ana saa mbili: meno manne ya mbele, ya juu, yapangwe kwenye nta. Alikunja mikono ya blauzi, akafunua kitambaa.

Chini yake zilikuwa sanamu mbili, taya ya juu na taya ya chini, zimefungwa kwenye chuma chenye bawaba ili zifunguke na kufunga kama kinywa. Ya juu ilikuwa na pengo mbele. Ya chini ilikuwa na meno yake yote, na jino moja la katikati lilikuwa limesukumwa nyuma, kama mtu aliyesukumwa nje ya foleni.

Shangazi aliurudisha mkono kana kwamba ameunguzwa. Mdomo ule aliujua. Miaka sita nyuma, baada ya wote kuondoka, Polepole alimwita ofisini, akafunga pazia, akamwonyesha kile ambacho hakuna fundi mwingine aliyekijua: meno yake manne ya mbele yalikuwa yametoka. Alimwomba amtengenezee mengine na asimwambie mtu. Shangazi alitengeneza, hakumwambia mtu, na tangu siku hiyo mzee huyo amekuwa akisema "polepole" kwa meno ya Shangazi.

Na sasa kinywa hicho kilikuwa mbele yake, wazi, kikimngoja.

Hapo ndipo alipoelewa jinsi stuli zile tatu zilivyopinduliwa. Hakukuwa na mchongezi. Mtaalamu wa nje alikuwa Polepole, na sanamu ya jaribio alikuwa ametoa yake mwenyewe. Kazi za wasailiwa zilipelekwa mezani kwake zikiwa na namba tu, na yeye alihitaji nini zaidi? Mtu anaweza kuficha jina, akazima simu, akazua msiba wa jirani. Mkono hauzimiki. Mrefu aliwapanga askari wake juu ya sanamu hii hii, bila kujua wanalinda mdomo wa nani.

"Kuna tatizo, mama?" aliuliza kijana wa koti jeupe.

"Hapana, mwanangu. Naangalia tu."

Alifikiri kuondoka. Lakini akiondoka, vumbi lingekuwa linamngoja kesho asubuhi. Alifikiri kuharibu kazi makusudi, nako angekuwa ameipoteza nafasi kwa mikono yake mwenyewe. Akabaki na njia moja: afanye kazi nzuri, lakini isiwe ya kwake. Atapanga kama Mrefu. Polepole akiiona ataona fundi wa shule, mnyoofu, asiye na jina.

Kwa saa mbili alipigana na vidole vyake. Jino la pili la kushoto ndilo lililomsumbua. Kila alipolisimamisha, lilijizungusha lenyewe, naye alilirudisha, akalitazama kwa mbele, akalirudisha tena. Alilipima kwa uzi. Blauzi ilimlowa mgongoni. Dakika za mwisho alilainisha nta kwa kisu cha moto, akakwangua hapa na pale kama kila fundi afanyavyo, akafunga taya, akafungua, akasafisha vidole. Alipotazama, aliona kazi ya mtu asiyemjua. Meno manne wima, kama kwenye gwaride. Alifunika kitambaa na kumshukuru Mungu.

Jumatano Polepole alimuuliza, "Kliniki wamesemaje?" Akamjibu wamesema apunguze vumbi. "Polepole," alisema mzee. Alhamisi mara mbili Shangazi alihisi pumzi nyuma ya sikio lake, na alipogeuka akamkuta mzee amesimama akitazama mikono yake.

Alhamisi hiyo nyumbani hakula. Alikaa karibu na dirisha akaniuliza mara nne kama simu yangu ina chaji.

Ijumaa aliwahi kuliko wote. Alisukuma mlango wa karakana macho yakiwa chini, akahesabu hatua mpaka mezani kwake, ndipo akayainua. Stuli ilikuwa sakafuni, imesimama kwa miguu yake mitatu. Aliiketia kwa nguvu mpaka ikalia. Aliniambia kwamba alicheka peke yake kama mwendawazimu, na kwamba kilikuwa kicheko chake cha mwisho karakanani mle.

Saa nne aliitwa ofisini.

"Funga mlango, dada. Polepole, kitasa kibovu hicho."

Juu ya meza ya Polepole kulikuwa na nta tano, zimepangwa juu ya kitambaa cheupe, kila moja na karatasi yake ya namba. Shangazi alitazama ukutani.

"Jamaa wa ng'ambo ya mji huniletea hizi nizikague," alisema mzee. "Wanasema nina jicho. Hawajui tu. Mimi situmii jicho."

Aligeukia dirisha. Palisikika sauti ndogo ya kunyonya, na alipogeuka tena mashavu yake yalikuwa yamedidimia, na uso wake ulikuwa wa mtu mwingine aliye mzee zaidi. Meno ya Shangazi yalilala juu ya meza yakitazama juu. Polepole alichukua nta namba moja, akaivaa, akagonga meno. Kok. "Inagonga," alisema. Akavaa namba mbili. Kok. "Inagonga." Ya tatu nayo. Ya tano nayo. Kila moja aliifuta kwa kitambaa na kuirudisha mahali pake bila haraka.

Kisha akavaa namba nne na kufunga mdomo. Haikusikika sauti. Alipitisha ulimi nyuma ya meno, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto, akausimamisha kwenye jino la pili.

"Hii haigongi," alisema.

Shangazi aliendelea kutazama ukuta.

"Nilipoiona nilicheka. Nikasema, Mrefu amefufuka? Imenyooka, safi, ya kishule. Nilikuwa nishaanza kuipitisha, dada. Halafu nikaivaa." Aliivua, akaishika kwenye mwanga. "Sanamu ile ni ya miaka sita. Chonge yangu ya chini ilivunjika baadaye, ikavalishwa kofia ya bandia. Unakumbuka kofia yangu?"

Alikumbuka. Miaka miwili iliyopita, pazia likiwa limefungwa tena, kofia ile mpya ya chonge ilikuwa inagonga nyuma ya jino la pili la juu, na yeye ndiye aliyelikwangua jino hilo kwa nyuma, kiasi cha unene wa ukucha, mpaka likatulia. Kwenye plasta ya zamani kofia haikuwepo. Hapakuwa na sababu ya kukwangua. Lakini Jumanne, wakati macho yake yote yalikuwa yanalinda uso wa jino lile lisizunguke, kisu kilipita nyuma yake na kukwangua mahali pale pale. Alikuwa amelitengeneza jino kwa ajili ya kinywa chenyewe, si kwa ajili ya sanamu.

"Wanaojua habari ya kofia hiyo ni watatu," alisema Polepole. "Daktari, mimi," na hakumtaja wa tatu.

Shangazi alianza kufungua kamba za aproni. Aliniambia kwamba wakati huo hakuwa na hofu tena. Alikuwa anawaza tu jinsi ya kumwambia mama yake.

"Unafanya nini?"

"Navua aproni, mzee."

"Kwani stuli yako nani kaigusa?" Polepole alirudisha meno yake mdomoni, na uso wake wa kila siku ukarudi. "Mrefu alikuwa fundi. Mafundi wapo. Wewe nikikuachia, haya nitafanyiwa na nani?" Alivuta karatasi, akaandika, akaigeuza ili aisome. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. *Namba nne: hafai. Nyuma ya jino la pili kuna nafasi. Hakuifuata sanamu.*

"Wao watapima kwenye plasta," alisema kwa upole, "na wataona nafasi ipo kweli. Sijaandika uongo."

"Mzee, kifua changu hiki—"

"Najua. Nakusikia kutoka huku."

"Basi lete hata feni."

"Itakuja."

"Lini?"

Alitabasamu, na Shangazi akaliona jino lake la pili la kushoto likimwegemea jirani yake, kama alivyoliweka mwenyewe. "Karakana za mji huu ni tano, dada. Zote huniletea kazi za usaili. Nenda popote unapotaka, mimi sikuzuii. Utakuta trei imefunikwa kitambaa."

Alirudi mezani kwake. Mafundi wengine walimtazama, wakatazama stuli, wakatazamana. Kufikia saa saba walikuwa wameshaamua mchongezi ni nani: ni yule aliyeitwa ofisini na stuli yake ikabaki sakafuni. Hakuna aliyempa nafasi kwenye benchi la chai.

Jioni hiyo simu yangu ililia. Alikuwa yule mama wa miwani, na alisema kwa masikitiko ya kweli kwamba namba nne ilikuwa karibu sana, ila mtaalamu ameona kasoro moja ndogo. Nilimshukuru. Shangazi alikuwa ameketi kando ya kitanda, amemshika Bibi taya kwa vidole viwili, akilegeza waya unaombana.

"Wamesemaje?" aliuliza Bibi, mdomo wazi.

"Wamesema polepole, mama. Uma hapa."

Bibi akauma. Yalikaa vizuri. Shangazi alikwenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na kikohozi kikamshika pale pale kwenye sinki, akainama mpaka kikapita. Kisha akaketi mbele yangu na kuusogeza mkebe wa kalamu upande wangu.

"Andika barua nyingine, mwanangu."

"Ya karakana ipi, Shangazi?"

"Yoyote isiyo karakana. Kufagia, kuosha vyombo, kupokea wageni mlangoni. Andika mimi ni mtu mzima, mwaminifu, nasoma na kuandika." Alivitazama vidole vyake kumi juu ya meza, kana kwamba anahofia visije vikasikia. "Ila usiandike kwamba najua kutengeneza meno."